Diwani wa Tanga na Mambo Yasiyo Mikononi Mwake

Mtu anayetaka kujua jinsi mji unavyoendeshwa asianzie ukumbini, ambako Mstahiki Meya huingia na joho na mkufu wake huku waheshimiwa madiwani wamesimama kwa taadhima. Na aanzie sokoni, Mgandini au Ngamiani au Mlango wa Chuma, saa ile ambayo malori yaliyoteremka usiku kutoka Lushoto yanashusha kabichi na karoti, na machungwa ya Muheza yanamwagwa chini yakihesabiwa, na kijana mwenye kimashine cha kukusanyia mapato anapita baina ya magunia akitoa karatasi ndogo kwa kila aliyelipa. Karatasi ile, ambayo aghalabu hutupwa kabla mwenyewe hajafika kwenye meza yake, ndiyo mwanzo wa kila kitu ambacho Halmashauri ya Jiji la Tanga inaweza kukiita chake: mafuta ya gari la taka, madawati ya shule ya msingi, bati la zahanati, na hata posho ya kikao ya yule diwani ambaye mwenye karatasi atamlaumu kabla jua halijatua.

Tanga ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2005, na jina hilo kubwa limeukuta mji usiopenda makuu. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 393,429, kutoka 273,332 waliohesabiwa miaka 10 kabla, idadi ambayo kwa mizani ya Dar es Salaam ni ndogo. Na bado mtu anaweza kutoka Chumbageni akaenda Makorora kwa baiskeli, chombo ambacho wenyeji hawajakionea haya hata baada ya bodaboda kuingia kwa kelele zake. Kata zake ni 27, na tofauti zilizopo baina yake zatosha kumchosha mtawala yeyote. Ngamiani imegawanyika kata tatu, Kaskazini, Kati na Kusini, na barabara zake hazina majina ya mashujaa bali nambari, hata mtu huelekezwa nyumba ya harusi kwa kuambiwa Barabara ya Nane au ya Kumi na Mbili na asipotee. Walakini ukitoka hapo ukashika njia ya Pangani unafika Tongoni, penye magofu ya msikiti wa kale na wavuvi wanaoishi kwa maji kujaa na kupwa. Na ukielekea upande mwingine unafika Chongoleani, rasi iliyochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 linalotoka Hoima nchini Uganda. Kirare na Marungu ni mashamba hasa. Basi katika ukumbi mmoja huketi diwani anayelalamikia mtaro ulioziba mbele ya maduka na diwani anayelalamikia ngedere wanaokula mahindi, na wote wawili wanasema na Mkurugenzi mmoja wa Jiji mwenye fungu moja la fedha.

Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Na. 8 ya 1982, baraza hilo lina madiwani waliochaguliwa na kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, na mbunge. Madiwani humchagua meya miongoni mwao. Lakini Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza na mwenye kushika funguo za ofisi, hachaguliwi na mtu yeyote wa Tanga, bali huteuliwa na Rais. Wakuu wa idara, walimu na waganga hulipwa mishahara na Hazina, na wanaweza kuhamishwa kwa barua moja itokayo Dodoma. Jambo hili nalitaja mapema kwa sababu wengi hudhani kwamba meya ni mfalme mdogo, ilhali hali yake imekaribia zaidi ile ya mwenye nyumba ambaye watumishi wote wa nyumbani wameajiriwa na shemeji yake: wanamheshimu, wanampisha njiani, lakini wanajua nani anayewalipa.

Mji huu umeyaona mengi katika habari ya kutawaliwa. Uliwajua maliwali wa Sultani wa Unguja, ukawajua Wajerumani, walioanza kutandika reli ya Usambara kutoka hapa mwaka 1893, ukawajua Waingereza na bodi zao za miji ambazo wajumbe wake waliteuliwa badala ya kuchaguliwa. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Machui mwaka 1909, alimaliza miaka yake ya utumishi katika ofisi ya upimaji ardhi ya Tanga. Na huwa napenda kuwaza kwamba mwandishi yule mkubwa, kabla hajarudi nyumbani kuandika juu ya utu na haki, alishinda mchana kutwa miongoni mwa ramani na mipaka ya viwanja, yaani miongoni mwa ugomvi ule ule ambao hata leo unajaza madawati ya ofisi ya ardhi ya Jiji.

Lakini tukio linalopasa kukumbukwa zaidi ni la baada ya Uhuru, na vijana wengi hawalijui. Mwaka 1972 Serikali ilitangaza mpango wa Madaraka Mikoani, na chini ya mpango huo mabaraza ya wilaya, na kisha ya miji, yakavunjwa. Kazi zake zikatiwa mikononi mwa maofisa wa mikoa na wilaya. Nia ilikuwa njema, kwani ilisemwa kwamba mamlaka yangeteremka kwa wananchi. Kilichoteremka kwa hakika ni watumishi wa Serikali Kuu. Na miji, ambayo haja zake ni za kila siku na hazingoji mpango wa miaka mitano, ikabaki bila mtu wa kuulizwa juu ya jaa lililofurika au choo cha soko kilichobomoka. Mitaro ikaziba, barabara zikachimbika, na kipindupindu kikaenea nchini katika miaka ya sabini. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya muda ya kuyarudisha mabaraza ya miji, zikafuata sheria za 1982, na mwaka 1984 serikali za mitaa zikatiwa katika Katiba, ibara ya 145 na ya 146. Mwaka huo huo wa 1984 Mwalimu Nyerere, kwa insafu ambayo viongozi wachache wanayo, alikiri hadharani kwamba kuvunja serikali za mitaa lilikuwa mojawapo ya mambo ambayo asingeyafanya lau angeanza upya.

Ungelitarajia kwamba baada ya funzo la namna hiyo mabaraza yangeachwa yanenepe. Hayakuachwa. Kodi ya majengo, ambayo kila mtaalamu wa miji hukwambia kuwa ndiyo riziki ya halali ya mji, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato katika mwaka wa fedha wa 2016/17, na tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, hata mpangaji asiye na tofali moja duniani hujikuta anamlipia mwenye nyumba kodi, kisha waanze kudaiana. Ada za mabango nazo zilipata kuhamishwa hivyo. Barabara zilikabidhiwa kwa wakala wa Serikali, TARURA, mwaka 2017. Maji yalikwisha kuwa na mamlaka yake, Tanga UWASA, inayoyavuta kutoka bwawa la Mabayani katika Mto Zigi, na ambayo mwaka 2024 ilifanya jambo la ajabu na la kusifiwa: iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12 kwa umma ili ipanue mitambo yake, badala ya kungoja ruzuku. Umeme ni wa TANESCO, bandari ni ya Mamlaka ya Bandari. Mimi sisemi kwamba kila uhamisho ulikuwa wa makosa, kwani wako wahandisi wanaoapa kuwa barabara za mitaa ziko salama zaidi zikiwa mbali na kura za madiwani. Nasema tu kwamba mwananchi hakupewa taarifa. Yeye bado humkamata diwani wake mlangoni mwa msikiti au kwenye foleni ya samaki kule Deep Sea, akamwambia:

“Mheshimiwa, shikamoo. Barabara yetu ile tumekusamehe masika, tumekusamehe na vuli. Sasa tukwambieje?”

Na diwani afanye nini? Akisema barabara si yake, ataambiwa mbona wakati wa kampeni ilikuwa yake. Na kusema kweli ilikuwa yake, kwani aliahidi kwa kinywa kipana huku akijua kwamba hana koleo wala kokoto. Hapo lawama hugawanyika sawasawa, na simtetei.

Yaliyobaki mikononi mwa Halmashauri ni yale ambayo hakuna mwingine anayeyataka. La kwanza ni taka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitwika serikali za mitaa mzigo wa taka ngumu, na mzigo huo haujui sikukuu: baada ya Idi mitaa hujaa matumbo ya mbuzi na majani ya migomba, baada ya mvua hujaa yaliyobebwa na maji, na siku za kawaida hujaa mifupa ya samaki na vifuu vya nazi, ambavyo nadhani mji huu unavitoa kwa wingi kuliko mwingine wowote wa ukubwa wake. Kuna ada ya taka kwa kila kaya, nayo ni ada inayochukiwa kuliko zote, kwa kuwa wiki ambayo gari halikupita mtozaji hupita. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi nchini kote. Maduka hufungwa kwa saa kadhaa, watu hutoka na mafagio, na wengine hutoka na viti wakawatazama wenye mafagio. Hata hivyo asiyeona kuwa Tanga ni mji msafi ukilinganishwa na majirani zake atakuwa na macho ya husuda.

Baada ya taka yuko bwana afya, mtu ambaye mamlaka yake hayalingani na mshahara wake: ndiye anayeingia katika mkahawa akafunua sufuria, akatazama kucha za mpishi, akauliza cheti cha kupimwa, ndiye anayepiga muhuri nyama machinjioni. Yuko ofisa wa leseni, ambaye siku hizi anamwambia mfanyabiashara aombe katika mfumo wa kompyuta uitwao TAUSI, apewe namba ya malipo, alipe kwa simu. Utaratibu huu umepunguza safari na umepunguza pia chai iliyokuwa ikinywewa chini ya meza, ingawa mama muuza vitumbua asiye na simu ya kisasa hulazimika kumtafuta kijana wa kumjazia, na kijana naye ana bei yake. Na yuko mkaguzi wa majengo, ambaye hapendwi na mtu. Mtu hununua kiwanja, hujenga msingi usiku, huinua ukuta Jumapili, akidhani kibali cha ujenzi ni anasa ya matajiri, mpaka asubuhi moja aone herufi X ya rangi nyekundu ukutani pake. Hapo ndipo anapomkumbuka diwani, na diwani anapokumbuka kuwa uchaguzi hauko mbali.

Juu ya fedha, hesabu ni hii: Serikali Kuu hulipa mishahara na huleta fedha za miradi mikubwa zikiwa zimekwisha kuandikiwa kazi yake, na Halmashauri hubaki na mapato ya ndani, yaani ushuru wa masoko, leseni, vibali, viwanja, ada za stendi ya Kange, na ushuru wa huduma unaotozwa makampuni, ambao kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa shilingi 3 katika kila 1,000 za mauzo. Huu wa mwisho ni mkubwa na hauna kelele: viwanda kama kile cha saruji kilichoko Pongwe huulipa kwa karatasi na hundi, na hakuna mgambo anayewakimbiza wahasibu wao barabarani. Kelele zote za mji huu juu ya kodi zimo katika vijisenti vya soko. Sijui kwa nini watawala, wa zamani na wa sasa, huona raha zaidi kumfuata mwenye kapu kuliko kukaa na daftari la mwenye ghala. Pengine ni kwa sababu mwenye kapu huonekana.

Kuna sheria ndogo pia, na hizo zina safari ya kustaajabisha. Tuseme Baraza limechoka na mbuzi na ng'ombe wanaozurura mjini na kula maua yaliyopandwa kwa fedha za umma. Haliwezi kusema tu “mbuzi wafungwe”. Rasimu huandikwa na mwanasheria wa Jiji, hutangazwa ili wakazi watoe rai zao, hurudi katika kamati, hupitishwa na Baraza, hupelekwa juu, na haina nguvu mpaka Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aitie saini na ichapwe katika Gazeti la Serikali. Yaani mbuzi wa Makorora hana budi kujulikana Dodoma. Mwaka 2021 ilitokea sadifa ya kupendeza: Waziri huyo alikuwa Ummy Mwalimu, mbunge wa Tanga Mjini, na kwa ubunge wake alikuwa mjumbe wa Baraza hili hili, hivyo mtu mmoja aliweza kuomba kwa mkono wa kushoto na kuidhinisha kwa mkono wa kulia. Hali kama hiyo haitokei mara nyingi, na miji isiyokuwa na waziri ingali ikingoja Gazeti.

Kikao cha Baraza la Madiwani hufanyika kila robo mwaka, na kwa kanuni mwananchi anaruhusiwa kuingia, kukaa na kusikiliza, mradi asiseme. Hufunguliwa kwa dua. Aghalabu siku ya kwanza ni ya taarifa za kata: kila diwani husimama na kusoma madarasa mangapi yamefika kwenye lenta, zahanati ipi imekosa dawa, kisima kipi kimekauka, ugomvi gani wa mipaka haujaamuliwa. Ni usomaji mrefu na wa kusinzisha, na ndiyo sehemu bora ya mkutano wote, kwa kuwa hapo mji hujieleza bila mapambo. Siku ya pili huja taarifa za kamati, ile ya fedha na uongozi, ya mipango miji na mazingira, ya uchumi, afya na elimu, na neno linalosikika zaidi ya yote ni “mchakato”. Diwani huuliza kuhusu choo cha soko. Hujibiwa kuwa mchakato unaendelea. Nimesikia wazee wakisema kuwa katika enzi zao mtu aliyekuwa hajafanya kazi alisema hajaifanya.

Lililo kubwa katika vikao vya siku hizi ni mikopo. Sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwakopeshe bila riba wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa 4, 4 na 2. Ni tadbiri njema, na imewatoa wengi katika makucha ya wakopeshaji wa kausha damu. Lakini vikundi hewa vilizuka, marejesho yakakwama katika halmashauri nyingi, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akayaandika, na Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji wake nchini kote hadi utaratibu mpya ulipopatikana mwaka uliofuata. Wakati ule wa kusimama ndipo ilipoonekana wazi ni nani walikuwa wakiutegemea mkopo ule kwa kweli: hawakuwa wenye mihuri na katiba za vikundi zilizopigwa chapa vizuri, bali wanawake wa dagaa na washona mikeka.

Siasa nayo ina fungu lake. Baada ya uchaguzi wa 2015, ambao Chama cha Wananchi, CUF, kilitwaa ubunge wa Tanga Mjini, uchaguzi wa meya uliingiwa na mgogoro mkali baina ya chama hicho na CCM, na shughuli za Baraza zikavurugika. Watu wa Tanga, ambao hupenda mzaha kuliko ugomvi, waliendelea kulipa ushuru sokoni kama kawaida. Fedha haikuuliza ni ya chama gani.

Yote niliyoyaeleza hupita juu ya kichwa cha mwananchi kwa sababu haendi mahali ambapo sauti yake ina uzito. Mahali hapo si ukumbi wa Jiji bali ni ofisi ya mtaa, kile chumba chenye bendera na benchi ambacho wengi hukijua kwa jambo moja tu: barua ya utambulisho. Mtu huenda kwa mtendaji anapotafuta kitambulisho cha taifa, anapomdhamini mtuhumiwa, anapofungua akaunti, hupata muhuri na kuondoka, na hamwoni tena mpaka haja nyingine. Ilhali mtaa una mkutano wake mkuu wa wakazi, ambao kila mtu mzima ni mjumbe wake kwa haki, na huko ndiko maombi ya miradi huanzia kabla ya kupanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na kisha Halmashauri. Na huko ndiko mtendaji anapopaswa kusoma mapato na matumizi mbele ya watu waliochanga. Mikutano hiyo ikiitishwa, aghalabu huja watu wachache, wengi wao wazee na akina mama, na akidi isipotimia huahirishwa. Vijana wenye maneno makali kijiweni hawaonekani.

Basi ewe mkazi wa Tanga, wa Mzingani, wa Duga, wa Nguvumali, wa Barabara ya Kumi na Tano, mkutano wa mtaa wako ukitangazwa kwa kipaza sauti, toka uende. Usiulize barabara, kwani hiyo ni ya TARURA, na ofisi yao ipo. Uliza ada ya taka iliyokusanywa mtaani kwako ni shilingi ngapi na gari lilipita mara ngapi, uliza vikundi vilivyokopa ni vipi na vimerejesha kiasi gani, na hayo utakayojibiwa yaombe yaandikwe katika muhtasari, kwa maana kisichomo katika muhtasari diwani hawezi kukipeleka mbele.